Liviu Apelekwa Kozi

Saa moja asubuhi, kwenye uwanja wa ndege wa mji wa Iași, rubani msaidizi Smaranda Pleșa alisaini karatasi ya mizigo: abiria arobaini na wanane, mabegi yao, na kilo sabini na nane za marehemu Liviu Mocanu. Liviu alikuwa ameshafunga mkanda kwenye kiti kidogo nyuma ya marubani, viatu vikichuruzika maji ya ziwa. Mhudumu alimletea kahawa isiyo na sukari, akamtandikia gazeti chini ya miguu.

"Kaka, leo umelowa kuliko jana."

"Ziwani kuna upepo," alijibu Liviu.

Kapteni Drăghici hakugeuka. Miaka miwili nyuma, injini ya kushoto iliposhika moto, yeye ndiye aliyezima ya kulia, iliyokuwa nzima, na ndege ikaishia ziwani. Wote waliokolewa isipokuwa Liviu, msaidizi wake. Sheria ya kazi hii haina fumbo: mmoja anarusha, mwenzake anasoma kitabu cha dharura, na hakuna mkono unaozima injini mpaka mdomo wa pili useme "nathibitisha." Kapteni hakuungoja mdomo wa pili. Kampuni ikaandika kwamba rubani msaidizi alinyamaza. Uongo mtupu, tena wa mchana kweupe, maana kinasa sauti kilimnasa Liviu akisema mara tatu, "Ni ya kushoto, Kapteni." Mpaka leo sokoni watu wanamkwepa mama yake.

Walipofika juu ya mji wa Bacău kengele ililia. Taa nyekundu ya injini ya kushoto ikawaka. Kapteni akapeleka mkono kulia.

"Kapteni, ngoja! Sijathibitisha," alisema Smaranda.

"Binti, mimi nimeanza kuruka wewe ukinyonya."

"Unavyoruka tumekuona," alisema Liviu, akanyoosha mkono na kuuweka juu ya mkono wa Kapteni. Ulikuwa wa baridi, una magugu vidoleni. Kapteni alijaribu kuusogeza wake, ukagoma. "Soma, dada."

Smaranda akafungua kitabu. "Injini ya kushoto. Thibitisha?"

"Ya kushoto," alisema Kapteni. "Nathibitisha."

Walitua Bacău kwa injini moja. Abiria walipiga makofi, kama wanavyopiga kila ndege inapotua.

Smaranda aliandika ripoti ya kurasa nne, akaomba ile sentensi ya kwamba Liviu alinyamaza ifutwe kwenye ripoti ya ajali. Mkurugenzi Haralambie aliisoma yote mbele yake.

"Hongera. Ila huyu marehemu amemshika kapteni mkono bila ruhusa."

"Bosi, ametuokoa! Na ile sauti yake mnayo, mmeisikiliza."

"Tumeisikiliza. Hakusema kwa mkazo."

Smaranda alitamani kumtupia kitabu cha dharura usoni. Mtu afe yeye, na kosa abebeshwe yeye! Alitoka bila kuaga.

Jumatatu Liviu alipelekwa kozi ya siku tatu ya kujifunza kusema mbele ya wakubwa. Alikaa mstari wa mbele na kuandika kila kitu, wino ukitawanyika kwenye daftari lililolowa. Mwalimu alikuwa Kapteni Drăghici.

Alifaulu vizuri. Kampuni ilimpelekea mama yake cheti chenye mhuri, pamoja na barua fupi ya pongezi: mwanawe, aliyenyamaza siku ya ajali, sasa amejifunza kusema.