Ukurasa wa Sabini na Moja

Siku Papa Apollinaire aliposaini kazi ya mwisho ya Fabiola bila hata kuifungua, msichana huyo alimshukuru kwa adabu, akatoka nje ya buvette, kile kibaa alikomkuta akinywa, akacheka peke yake mpaka mama mmoja muuza ndizi akamwuliza kama ni mzima. Mzima alikuwa, tena sana. Miaka tisa alikuwa akimtafutia njia mtu aliyemponza mama yake, na leo mzee mwenyewe amejitia kitanzi kwa mkono wake.

Pale chuoni kwao Bukavu, wanakofunzwa makarani wa mahakama, hakuna anayepata diploma bila kuandika kazi na kuitetea mbele ya jury, wale wanaoipima. Na kila mwanafunzi lazima awe na directeur, mwalimu wa kumfuata ukurasa kwa ukurasa. Wenzake wote walimkimbia Papa Apollinaire kwa sababu hasomi kazi za wanafunzi. Fabiola akamchagua kwa sababu hiyo hiyo.

Zamani, kabla ya kufundisha, Papa Apollinaire alikuwa huissier, yule anayepeleka hukumu kwa watu majumbani. Mama yake Fabiola, Maman Virginie, mjane, alikuwa na nyumba mtaa wa Nguba, na shemeji zake wakamshitaki ili waichukue. Akashindwa. Sheria inampa mtu siku thelathini za kukata rufaa, tangu siku anapokabidhiwa hukumu. Maman Virginie akaingoja karatasi yake, akaingoja, kumbe siku zinakwisha bila yeye kujua. Walipokuja kumtolea vyombo nje, wakamwambia tu, "Maman, ulishachelewa." Tangu hapo anapanga chumba kimoja Kadutu, na Nguba hajakanyaga tena, hata kwa misa.

Fabiola alikuwa na miaka kumi na nne, na jambo hilo likamkaa rohoni. Wengine husomea kazi kwa kuipenda. Huyu alisomea ukarani ili siku moja aingie kwenye chumba cha mafaili, basi. Mwaka wa pili, walipopelekwa stage, mazoezi ya kazi, mahakamani, akaingia. Faili la mama yake lilikuwapo, vumbi tupu. Ndani yake karatasi ya huissier ilisema Virginie amekabidhiwa hukumu yeye mwenyewe, mkononi, nyumbani kwake Nguba, akakataa kusaini. Chini yake, saini ya Apollinaire. Fabiola akatazama tarehe, akairudia. Tarehe ile mama yake alikuwa amelazwa kwa malaria huko Luberizi, alikokwenda kumsaidia dada yake kuvuna mpunga, na fishi ya zahanati, karatasi ya kulazwa yenye mhuri, mama alikuwa nayo bado. Fabiola akaomba kopi rasmi ya ile karatasi. Hakumwambia mtu. Vyote viwili akaviweka mwishoni mwa kazi yake, ukurasa wa sabini na moja.

Siku ya kutetea, salle, ukumbi wa chuo, ilijaa. Maman Virginie alikaa mbele kabisa, amevaa kikwembe chake cha sikukuu, maua ya plastiki ya kumpongeza binti yake mapajani. Papa Apollinaire alipopita alimsalimia vizuri, kama mtu asiyewahi kumwona. Na kweli hakuwahi kumwona.

Aliyeongoza jury alikuwa Maman Olive, jaji, mwanamke asiyependa mchezo. Akampa directeur neno la kwanza, kama ilivyo kawaida.

"Iyi kazi nimeisoma mimi mwenyewe, page kwa page," Papa Apollinaire akasema, akifuta miwani. "Huyu mutoto iko sérieux."

"Aksanti, papa directeur," Fabiola akajibu. Akaeleza kazi yake taratibu, sauti haikumtetemeka, na mwisho akawaomba wazee wa jury wafungue ukurasa wa sabini na moja.

Maman Olive akausoma mara mbili. Akavua miwani yake.

"Collègue, iyi signature iko yako?"

Papa Apollinaire akaivuta kazi karibu, akatazama. "Huyu mutoto amenitegea. Iyi page sikuionaka."

"Umetuambia sasa hivi umeisoma yote. Ulisoma ao haukusoma?"

Akisema alisoma, basi aliuona uongo wake wa Nguba asiukane. Akisema hakusoma, amekiri kwamba saini yake si kitu. Fabiola alimtazama anavyohangaika, na nisikufiche, ilimpendeza. Ilimpendeza sana, angependa ichukue siku nzima.

"Sikusoma," mzee akasema. "Niliweka tu signature."

"Na ile ya Nguba?"

"Nayo vilevile. Sikufikaka kwa ile nyumba. Ile siku mvua ilinyesha mingi, na nilikuwa na karatasi mingi ya kupeleka."

Mvua. Miaka yote hiyo Fabiola aliamini shemeji walimpa mtu huyu kitu. Mla rushwa, huyo alikuwa amejiandaa kumchukia. Lakini mama yake kutupwa nje kwa sababu mzee hakutaka kulowa? Hasira ikampanda upya, kali kuliko ile aliyokuja nayo.

"Mwenye ile nyumba iko pale mbele," akasema. "Asubuhi ulimusalimia."

Papa Apollinaire hakugeuka.

"Maman présidente, naomba hayo maneno yaandikwe kwenye procès-verbal," Fabiola akasema.

Kwa karatasi hiyo, kumbukumbu rasmi ya kikao yenye saini zao, wakili angeweza kudai ile ya Nguba ni ya uongo, na siku thelathini za mama yake zianze upya. Hilo ndilo alilolitaka. Diploma wangempa wakipenda.

Maneno yakaandikwa yote, pamoja na mvua. Kila mwana jury akasaini, na karatasi ikamfikia Papa Apollinaire akiwa wa mwisho. Akaishika. Akaanza kuisoma toka mstari wa kwanza, kidole chini ya maneno, midomo ikitembea, na salle nzima ikamngoja. Maman Virginie naye akangoja, maua yake mapajani.

"Soma pole pole, papa," Fabiola akamwambia. "Leo hakuna mvua."

Akasoma mpaka mwisho, ndipo akasaini.