Ini la Mbuzi Siku ya Posa

Nilimwonya mchumba wangu Kyalo tangu tunashuka matatu Mtopanga, kwetu: leo ni siku ya posa, usifundishe. Yeye ni mwalimu wa bayolojia, na mtu akimpa nafasi kidogo tu, atamsomesha mpaka jua litue. Akaniapia.

Kwetu posa haimaliziki kwa maneno. Mkwe huleta mtungi wa mnazi, pombe ya kugema, baba humuuliza binti kama unywewe, binti akikubali baba hunywa, na mambo yamekwisha. Baba asipokunywa, mgeni hubeba mtungi wake akarudi kwao.

Mama akatuletea ini la mbuzi la kukaanga, la kufungulia kinywa. Kyalo akalitazama, macho yakamng'aa. Nikajua tumekwisha.

"Baba, unajua ini hili…"

Akaligeuza kwa uma, akaonyesha mahali kifuko cha nyongo kilipokuwa. Kila chenye uti wa mgongo kina ini, akasema: samaki, chura, kuku, hata sisi. Hutengeneza nyongo ya kulainisha mafuta tunayokula, huweka akiba ya sukari, huondoa sumu mwilini. Baba alikuwa akitikisa kichwa kwa raha, kata ya mnazi tayari mkononi.

"Sumu kama gani, mwanangu?"

"Kama pombe, baba. Ukiinywa miaka mingi, ini huota makovu, likawa gumu."

Baba akajishika mbavu za kulia. Akaiweka kata chini.

"Basi nimeacha. Leo leo."

"Amina!" Mama akapaza sauti, maana ameliombea jambo hilo tangu sijazaliwa. Kisha akaniona uso, akaziba mdomo.

Nilitamani kumpiga Kyalo kwa sinia. Jasho likamtoka.

"Lakini baba, ini humea! Likikatwa kipande kikubwa, hukua tena."

"Hata lenye makovu?"

Mwongo angesema ndiyo.

"Hilo lina taabu kidogo," akasema Kyalo wangu. Ndiyo maana nampenda, na ndiyo maana nilitaka kulia.

Baba akanigeukia. "Faith, mwanangu. Mnazi huu tuunywe, tusiunywe?"

"Unywe, baba. Fundo moja tu, la mwisho. Ini hata likikatwa linamea. Huyu akiondoka, kwangu hamei mwingine."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Akanywa fundo lake, akaisukuma kata mbali kwa huzuni. Mama akapiga vigelegele.

Kisha baba akasogeza kiti karibu na mkwewe.

"Na figo nazo, mwalimu?"

Kyalo akafungua kinywa. Nikamtia kipande cha ini.