Nyongeza ya Darajani

Yusrah alikuwa amekalia kreti la soda nyuma ya meza ya vitunguu ya mama yake, pale stendi ya Dumila, kompyuta mapajani. Leo ndiyo leo. Programu yake ikipita majaribio, kazi ni yake na ataifanyia hapa hapa nyumbani. Isipopita, anarudi Dar kutafuta riziki, na mama anabaki peke yake. Dar alishaichoka!

Programu yenyewe waliiita daraja. Ilihamisha sarafu za mtandaoni kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine: huku sarafu zinafungiwa, ng'ambo zinatolewa za kiasi kile kile. Tatizo, mtandao wa kwanza ulihesabu mpaka desimali kumi na nane, wa pili ukaishia sita. Kila safari ukabaki mkia wa tarakimu usioenea ng'ambo. Kuukata Yusrah aliona ni kumpunja mteja, kwa hiyo akapandisha kila kiasi juu kidogo. Si ndiyo ustaarabu?

Simu ikaita. Alikuwa Jackline, mkuu wa mradi, yuko Dar.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Mbona ng'ambo kuna sarafu nyingi kuliko tulizofungia huku?”

Yusrah akaeleza. Jackline akaangua kicheko.

“Kumbe umewapa nyongeza! Sasa mdogo wangu, nyongeza hiyo umeitoa wapi?”

Yusrah akainua macho. Mbele yake mama alikuwa amemjazia mteja vitunguu kwenye sado, kile kindoo cha kupimia, na kama kawaida yake akachota vingine kwenye lundo kumwongezea. Lundo likapungua. Yusrah akajishika kichwa. Mama alitoa vya kwake. Yeye aligawa hewa!

Akafuta ule ukarimu wake. Sasa daraja lilichukua kiasi kinachoenea ng'ambo tu, na mkia haukuguswa, ukabaki kwa mteja mwenyewe. Hakuna aliyepunjwa. Akasema bismillahi, akarudia majaribio.

“Imelingana!” Jackline alipiga kelele simuni. “Kazi yako hiyo. Baki huko huko na mama!”

Yusrah aliruka mpaka kreti likapinduka. Furaha ilimjaa hata hakujua aifanyie nini, basi akampokea mama sado, akamjazia mteja aliyefuata, akaongeza viganja viwili, akaongeza na cha tatu.

“We mtoto, utatufilisi!” mama alisema huku akicheka.

“Acha nitoe, mama. Hapa lundo ni letu.”