Harusi Iliyofunikwa na Mechi

Ukiingia studio ya Gahongayire pale Nyakabanda umevaa fulana ya mpira, unatoka na picha ya pasipoti umevaa suti ya kijivu na tai nyekundu. Suti yenyewe ni moja, inakaa ndani ya kompyuta, na nusu ya wanaume wa mtaa wamekwisha kuivaa. Kinyozi ameivaa, katekista ameivaa, na Twahiru wa duka la mabango la jirani ameivaa mara tatu ingawa hana safari yoyote. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha Gahongayire. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine, na hiyo watu waliiita kuharibu.

Alikuwa na kamera ya filamu, ya zile za kushika tumboni na kutazamia kwa juu. Filamu moja aliipitisha ndani yake mara mbili kwa makusudi: kwanza alipiga nyuso za majirani, kisha akapanda hadi Kinyinya kupiga ghorofa zinazojengwa. Aliisafisha kwa kahawa, magadi ya kufulia na unga wa vitamini, mchanganyiko wenye harufu iliyowafanya wasusi wa saluni ya jirani wafunge dirisha. Kisha aliiingiza picha kwenye kompyuta, akakoleza hapa, akafifisha pale, mpaka muuza mboga akaonekana ametokeza katikati ya ghorofa ya nne na vitunguu vyake. Hiyo aliitundika kwenye kioo cha mbele. Wapita njia walisema binti huyu ana kipaji, ila pengine ana na mapepo.

Siku moja asubuhi mzee mmoja mrefu alisimama mbele ya picha ile kwa muda, kofia mkononi, kisha akaingia.

"Wewe ndio unaharibu picha kwa kusudi?"

"Ni mimi, Muzee. Karibu ukae."

"Basi yangu iliharibika bila kusudi. Pengine mtaelewana."

Jina lake Melchior, fundi mwashi mstaafu, mkazi wa Busanza, aliyekulia Bujumbura kama wakimbizi wengi wa rika lake. Kutoka ndani ya kitabu cha sala alichomoa bahasha, na ndani ya bahasha kulikuwa na kipande cha filamu chenye picha mbili. Mwaka 1975, hukohuko Bujumbura, mpiga picha aliwapiga yeye na mkewe Mukeshimana mlangoni mwa kanisa, picha moja tu, kwa sababu moja ndiyo waliyoweza. Jumapili iliyofuata, kwa usahaulifu wa mtu aliyelala vibaya, mpiga picha yule aliirudisha filamu ileile kwenye kamera na kwenda nayo uwanjani. Harusi ikakaliwa na mechi. Walibaki na weusi mtupu: jukwaa la watazamaji, nguzo ya goli, fulana za wachezaji, na chini yao kitu kama shela.

"Jumamosi baada ya wiki tatu tunafanya jubilei, miaka makumi tano," alisema Melchior. "Na miaka makumi tano tunabishana. Mi nasema siku ile bibi yangu alicheka. Yeye anasema alilia. Hii filamu peke yake ndio iko inajua."

Gahongayire alielewa uzito wake. Bibi harusi wa Kinyarwanda hulia anapoagwa, na asiyelia watu humsema kwamba hakulelewa, au kwamba alikuwa na haraka na mwanamume. Ndiyo maana Melchior aliisimulia hadithi ya kicheko kila penye chupa na wageni: alinikimbilia, alikuwa anacheka. Na kila mara Mukeshimana alijibu kwa utulivu kwamba machozi yalikuwepo, waulizeni waliokuwepo. Waliokuwepo walikuwa wamekwisha kufa.

"Tutaifunua mbele ya watu wote," alisema mzee akivaa kofia. Alipofika mlangoni aligeuka. "Kama sura haionekani muzuri, mwekee kakicheko kadogo. Mutu hatajua."

Siku mbili baadaye akaja Mukeshimana mwenyewe, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye parachichi sita kwenye mfuko. Aliziweka mezani kwanza, kama watu wafanyavyo wanapotaka jambo.

"Mwana wanjye, najua alikuja. Alikuomba kicheko?"

"Mukecuru, hizo ni siri za mteja."

"Basi aliomba. Mimi niwekee machozi. Hata mawili tu yanatosha." Alishusha sauti. "Na mzee mwenyewe usihangaike naye. Mwache vile mpira ulimfunika. Rwose kabisa, mwache."

Gahongayire alicheka moyoni. Aliona ni mchezo wa wazee, kila mmoja akijaribu kumhonga refa. Akamwambia kwamba kwanza aione picha, machozi yatajadiliwa baadaye. Lakini mama alipoondoka alijikuta hana raha. Alikuwa amewavalisha suti watu mia tano na hakuna aliyemuuliza kama ni kweli. Sasa watu wawili walikuwa wamemwachia kitu kimoja cha kweli walichobaki nacho, na wote wawili walikuwa wanamwomba akidanganye. Aliamua ataupata uso ule jinsi ulivyokuwa, au atairudisha bahasha na kukubali kwamba ameshindwa.

Twahiru aliposikia habari alijitolea. Alikuwa na programu mpya ya kutengeneza sura, na kabla chai haijapoa alileta jibu. Watazamaji wa mpira walikuwa wametoweka. Mahali pao palikuwa na bibi harusi mwenye mashavu ya tangazo la sabuni, na bwana harusi aliyeota ndevu.

"Wamependeza," alisema Twahiru.

"Wamependeza. Ni akina nani?"

Twahiru alichukua kikombe chake akaenda zake.

Jibu Gahongayire alilipata kwenye kipande chenyewe. Picha ya pili ya filamu haikuwa na harusi. Ilikuwa mechi peke yake, jukwaa lilelile, nguzo ileile, mpiga picha hakusogea hata hatua. Basi ni hesabu ya darasa la pili: ukijua jumla, na ukijua namba moja, ya pili haina pa kujificha. Toa mechi, ibaki harusi.

Aliipiga filamu juu ya kioo cha simu kilichowashwa kikawa cheupe, akaingiza picha zote mbili kwenye kompyuta, akatoa moja kwenye nyingine. Kilichotoka kilikuwa matope. Alijaribu siku nne akapata matope ya aina nne.

Hapo ndipo uharibifu wake wote ulipomfaa. Alimkalisha Twahiru kwenye stuli, akampiga kwa filamu, akaenda Kinyinya na filamu ileile na kupiga jengo juu ya uso wake. Picha iliyofuata akapiga jengo peke yake. Kwa kuwa uso wa Twahiru aliujua, na kwa kweli si uso wa kusahaulika, angeweza kuona hesabu inapokosea. Alichemsha kahawa, wasusi wakafunga dirisha, akajaribu tena na tena. Siku ya tatu akagundua. Filamu ni kama mgeni mezani: sahani ya kwanza anaimaliza, ya pili anaidonoa. Mwanga wa mechi ulikuta filamu imekwisha kushiba harusi, hivyo haukuingia wote. Hauwezi kutolewa sawasawa kila mahali. Palipokuwa na shela jeupe unatoa kidogo, penye koti jeusi unatoa mwingi.

Twahiru alitokea kwenye skrini akiwa mzima, na pua yake yote. Gahongayire alipiga meza kwa furaha mpaka parachichi la mwisho likaanguka.

Ikabaki kazi ya mkono. Watazamaji walikuwa wamesogea kati ya picha ya kwanza na ya pili, huyu amegeuza shingo, yule ameinua mkono, na kila kichwa kilitaka kusogezwa kivyake kabla ya kutolewa. Alivihesabu, vilikuwa mia na arobaini na viwili. Kila asubuhi, kabla ya wateja wa pasipoti, aliondoa kumi na tano.

Jumanne ya wiki ya jubilei alimfikia Mukeshimana. Kwanza ua la shela, kisha paji la uso, kisha mdomo. Alikuwa anacheka. Hakuna aliyekiweka kicheko kile, kilikuwemo ndani ya filamu kwa miaka hamsini, meno yote nje, macho yamefinyika. Msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa hai kabisa. Gahongayire aliona fahari ambayo suti hazikuwahi kumpa. Mzee ameshinda, alijisemea.

Lakini msichana yule hakuwa anaitazama kamera. Alikuwa amemgeukia bwana harusi, na mkono wake ulioshika pembe ya shela ulikuwa umeinuka kuelekea uso wa kijana. Uso huo ulikuwa bado umefunikwa na fulana nyeupe za wachezaji, na Gahongayire alikumbuka ombi la mama: mwache vile mpira ulimfunika. Alisita. Kisha akaziondoa fulana, moja baada ya nyingine.

Melchior alikuwa analia. Si chozi moja la heshima. Kijana mrefu mwenye tai, mdomo umepinda, mashavu yamelowa yanang'aa, na bibi harusi wake anamfuta huku akicheka ili amchekeshe.

Kuyafuta machozi yale kwenye kompyuta ingechukua muda wa kunywa maji. Gahongayire aliufikiria ukumbi, wakwe, wajukuu, marafiki wa kazini, na mzee aliyejigamba nusu karne. Hakuyafuta. Alimpigia simu aje peke yake.

Mzee aliitazama skrini bila kuketi. Alivua kofia.

"Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda," alisema hatimaye. Machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, ndivyo wanavyofundishwa watoto wa kiume wa Rwanda, na huyu alikuwa amefundishwa vema. "Nilikuwa najua, mukobwa wanjye. Nilidhani filamu imesahau."

"Ulilia nini, Muzee?"

Alinyoosha kidole upande wa kulia wa picha, nyuma ya bega la kijana. "Pale wanasimama watu wa bwana. Baba, wajomba, ndugu. Niligeuka kuangalia, hakukuwa na mutu. Hata mmoja. Tulipokimbia Rwanda nilifika peke yangu. Upande wa Mukeshimana walikuwa wanne, upande wangu ukuta. Ndio nikaanza kusema yeye alicheka, nikasema sana, ili mutu asiniulize mimi nilikuwa nafanya nini."

"Naweza kuyaondoa."

Alirudisha kofia kichwani. "Acha," alisema. "Nimechoka kuwa mwanamume wa ile hadithi."

Baada ya kuondoka kwake Gahongayire aliirudia picha. Ukutani, nyuma ya bega la Melchior, vilibaki vichwa sitini hivi ambavyo alikuwa hajaviondoa. Alivitazama kwa muda. Kisha akafunga hesabu, akafanya kile alichokuwa akikifanya siku zote kwa vitunguu na ghorofa: akakoleza hapa, akafifisha pale, mpaka akaridhika. Twahiru aliichapa kwa ukubwa wa mlango, na kwa mara ya kwanza hakutoa ushauri.

Jumamosi, baada ya misa, ukumbi wa parokia ulijaa. Picha ilisimama mbele chini ya kitambaa cheupe. Mukeshimana, katika mshanana wake wa rangi ya dhahabu, shuka la sherehe lililofungwa begani, alimvuta Gahongayire pembeni.

"Uliniwekea machozi yangu?"

"Sikuweka kitu, Mukecuru."

Uso wa mama ulibadilika. Alitaka kwenda kuzuia, lakini Melchior alikuwa amekwisha kushika kitambaa, na akakivuta mwenyewe.

Bibi harusi anacheka. Bwana harusi analia. Mzee mmoja wa meza ya mbele aliguna, akaanza kuutaja msemo ule wa machozi ya mwanamume, na Melchior akamkatisha.

"Najua yanapita wapi. Yangu yalikosa njia."

Kicheko kilianzia kwa wajukuu kikaenea mpaka mlangoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo Melchior mwenyewe akageuka kuitazama picha, na akaona kitu ambacho hakukiona studio. Alisogea karibu mpaka pua ikakaribia karatasi. Nyuma ya bega la kijana anayelia, mahali pa ukuta, walisimama watu. Safu kwa safu, wafifu lakini wazima, wanaume kwa kofia, mmoja ameinua mkono, wote wanatazama mbele.

"Hawa ni nani?" aliuliza.

"Watu wa mpira, Muzee," alisema Gahongayire. "Sikuwaongeza. Wako kwenye filamu yenu tangu mwanzo. Niliwaondoa usoni penu tu. Upande wako nimewaacha."

Melchior alianza kuwagusa kwa kidole, kichwa kimoja kimoja. Mashavu yake yalikuwa yanalowa mbele ya wakwe zake wote, na hakuinua hata mkono kuyaficha. Nyuma yao watu walianza kumzunguka Gahongayire, huyu ana filamu iliyoungua, yule ana ya baba yake iliyoingia maji, na Twahiru alikuwa akiwaeleza kwa sauti kubwa kwamba majaribio yote yalifanyiwa kwenye uso wake. Lakini Gahongayire alikuwa anamtazama Mukeshimana, ambaye alimfikia mumewe, akashika pembe ya mshanana na kuiinua kwenye shavu la mzee.

"Nilisema machozi yalikuwepo," alimwambia. "Nikasema ni yangu, watu wasikucheke. Basi leo nakurudishia. Miaka makumi tano nimekubebea, na mimi nimechoka."