Mkanda Uliomwita Masunga Bure

Pii. Pii. Kidude cha jikoni kililia kabla hata jogoo hawajawika.

Nilimkuta mjukuu wangu Nyanjige zizini na tochi. Mtamba wetu amelala, anacheua. Dalili ya kuzaa hakuna.

"Bure tena?"

"Bure, bibi."

Mama yake mtamba huyu alikufa mwaka jana akizaa peke yake. Huyu ndiye aliyebaki. Kwa hiyo Nyanjige, fundi wa kompyuta huko Mwanza, alipokuja likizo alimfunga mkanda mkiani na kuvuta waya hadi jikoni. Uchungu ukianza, kidude kilie na kumpigia simu jirani yetu Masunga, anayejua kuvuta ndama.

Masunga akatokea, kamba begani. Hii ilikuwa siku ya nne.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu. "Ndama yuko wapi?"

"Hayupo, baba."

"Hayupo! Na mke wangu anasema nina mchumba huku. Kesho simu ikilia, najifunika blanketi."

Hata hivyo alimpapasa mtamba tumbo, akamsogezea majani, ndipo akaondoka.

Nikamgeukia Nyanjige. "Unataka asije siku ya kweli?"

"Upepo ukitikisa waya, draiva inadhani imeitwa."

"Draiva ndiyo nani?"

"Programu inayousikiliza mkanda. Ikiitwa, inapiga simu papo hapo."

"Haiulizi nani anaita?" Nilisonya. "Wewe kakulea nani? Hapa mtu akiitwa alfajiri haitiki mara ya kwanza. Hunyamaza mpaka aitwe tena kwa jina. Hata mtoto anajua, na wewe umeajiri asiyejua!"

Nyanjige aliingia ndani. Kisha akakaa na kompyuta yake mpaka ugali ukapoa.

"Sasa ikisikia mwito," akanieleza jioni, "inauuliza mkanda kwanza: ni wewe? Mkanda usipokubali, inanyamaza. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, inafuta miito ya zamani kabla ya kuanza kusikiliza."

"Iulize mpaka ndama afe?"

"Ni kufumba na kufumbua, bibi."

Alfajiri mbili upepo ulivuma, jikoni kimya. Sikulala. Kelele zilinichosha, sasa kimya nacho kikanichosha zaidi: je, kama kimekuwa kiziwi?

Alfajiri ya tatu kikalia. Tulikimbia zizini. Miguu ya nyuma ya ndama ndiyo iliyotangulia.

"Masunga haji," nikamwambia Nyanjige. "Tumemdanganya mno."

Alikuja bila viatu, akihema. Hakutusalimia. Alifunga kamba, akavuta, akatukana kidogo, akavuta tena. Ndama akadondoka, akapiga chafya.

Nyanjige alimmiminia maji ya kunawa. Masunga akamtazama.

"Unaondoka lini?"

"Kesho kutwa, baba."

"Ng'ombe wangu anazaa mwezi wa nne. Uje tena na mkanda wako, ng'wanone, uje mwanangu, ukae na kwangu hata siku mbili."