Tawi Lililopumzika

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2017 ndiyo siku mambo yote yalipoharibika. Mke wangu Euphrasia alikuwa mpishi wa nyumba ya wanafunzi wa chuo, wale wa chama cha udugu. Kila mwaka wanachama wapya walilazimishwa kukariri historia ya tawi lao: nani kaanzisha, nyumba iliungua lini. Euphrasia alikuwa akiwasikiliza jikoni huku anakata vitunguu. Aliyepatia alipewa chapati. Aliyekosea alipewa pia.

Siku ile wanachama wa zamani waliwafungia wale wapya kwenye chumba cha chini ya nyumba tangu asubuhi, hakuna maji mpaka wakariri yote. Kimutai, kijana wa Wakenya wa mji jirani wa Columbia, akazimia. Alipofikishwa hospitali, viongozi wa tawi walishaelewana la kusema: kala chakula kibovu cha mpishi. Wakubwa wa chuo wakaona hilo ndilo rahisi kuamini. Wangemwamini nani, mama wa kupika? Wakamfukuza kazi Euphrasia. Miezi michache baadaye tawi nalo likafungwa kimyakimya, ila jina la mke wangu halikusafishwa na mtu.

Habari zikafika jumuiya yetu ya ughaibuni huku mjini Lanham. Kabla ya hapo, msiba wowote sufuria la pilau lilikuwa la Euphrasia. Baada ya hapo wakawa wanampa kugawa soda. Hawakumwambia neno. Aligawa soda hizo mpaka alipougua, na mwaka juzi nikamzika.

Jumapili moja nimetoka misa, Kimutai akagonga mlango. Sasa ni mwanaume mzima, ana ndevu.

"Shikamoo, mzee." Salamu hiyo alifundishwa na Euphrasia.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Tunafungua chapter tena, mzee. Kuna sherehe, na mimi ndio nasoma history. Nimekuja kukuinvite."

"Nisomee hapa kwanza."

Akasoma kwenye simu. Waanzilishi, moto, vikombe vya mpira. Alipofika mwaka ule, akasoma kwamba tawi lilipumzika kwa muda.

"Lilipumzika? Lilikuwa limetoka kulima wapi?"

Akacheka, halafu akaona sicheki.

"Hiyo waliandika wakubwa wa headquarters, mzee. Mimi nasoma tu."

"Chakula cha mama kilikudhuru?"

Akaiweka simu mezani. "Hata sikukula. Alinipa chapati asubuhi kabla tufungiwe, nikaificha kwa mfuko, nikisema nitaikula tukitoka. Niliamka hospitali, bado iko kwa mfuko."

Miaka yote hiyo mke wangu anagawa soda, na chapati ilikuwa mfukoni.

"Basi kayaseme hayo kwenye sherehe. Nitakuja na Anitha, kiongozi wa jumuiya yetu, na wenzake, wakusikie."

"Tuliapa, mzee. Mambo ya ndani hayatoki."

"Mimi sikuapa. Na Euphrasia hakuapa."

Akaichukua tena simu yake. Kisha akasema taratibu, "Hiyo ya chakula naweza kusema. Hiyo nitasema."

"Haitoshi. Wataitikia kwamba ilikuwa bahati mbaya, watapiga makofi, watakula keki. Kuna mtu alishika kitasa akafunga, na ndiye aliyemtupia mke wangu lawama. Unamjua."

Hakukataa. Aliniaga kwa heshima zote, akasimama kwenye ngazi muda mrefu, halafu nikasikia gari linaondoka.

Sherehe ni mwezi ujao. Nimeshawapigia chuo, nimewapigia makao makuu ya chama chao, kila mmoja ananirusha kwa mwenzake, na Kimutai hapokei simu. Ninachouliza ni kimoja tu: nani alifunga ule mlango?