Tarehe Zilizokataa Kushikana Mikono

Usiku wa kuamkia Jumapili, Zuwena wa Korogwe alilala amenuna, na ndoto ikamkuta vivyo hivyo.

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Kikundi cha mazoezi cha akina mama kilimwomba programu ya kuhesabu nani amekimbia siku nyingi mfululizo. Mshindi apewe beberu. Bi Sikudhani, mwenye magoti mabovu, alikimbia Januari na Februari zote, mvua na jua. Programu ikadai amekatisha mwisho wa Januari. Mama wa watu alilia hadharani. Zuwena alilitafuta kosa asilione.

Sasa anaota tarehe zimejipanga uwanja wa mpira, zimeshikana mikono. Mstari umekatika mahali pamoja tu. Januari Thelathini na Moja, jibaba lenye kitambi, amekunja mikono. Kando yake Februari Mosi, mtoto mchanga, amelala nyasini.

"Shikamoo. Mbona humshiki mwenzio?"

"Marahaba. Sheria yako, binti. Uliandika kila mmoja amzidi aliyemtangulia kwa moja. Mimi thelathini na moja, huyu moja. Amenizidi wapi?"

"Lakini ndiye anayekufuata!"

"Mimi najua. Kompyuta hukuiambia."

Goli, mstari unapoanzia, linakohoa. "Wahesabu wote kuanzia kwangu," linasema. "Mwezi ukiisha, usirudi kwenye moja. Mimi sina haraka."

Uwanja umegeuka jiko la mama yake. Goli lipo palepale, karibu na mafiga. Zuwena anambeba mtoto mgongoni kwa kanga, anahesabu tangu golini. Anafika kwa jibaba: thelathini na moja.

"Na wewe, mwanangu, thelathini na mbili."

Jibaba ananyoosha mkono. "Karibu, jirani. Chelewa ufike."

Mstari mzima unapiga vigelegele, unatimua mbio kupitia mlango wa jikoni.

Zuwena akaamka kumekucha. Hata uso hakunawa. Alifungua kompyuta, akaipa kila siku namba yake isiyorudi nyuma mwezi ukiisha. Siku za Bi Sikudhani zikaungana zote. Akampigia simu.

"Mama, kosa lilikuwa langu. Beberu ni wako."

"Wee Zuwena! Usinitanie asubuhi yote hii!"

"Haki ya Mungu."

"Basi usinywe chai. Njoo tule supu!"

Alipoinuka akaoge, alihisi kifua kimebanwa. Kanga aliyojifunika usiku ilikuwa imefungwa fundo la mbeleko, na mgongoni imelowa, bado ina uvuguvugu.